Kufunga diskripta za faili, hasa zile za paipu zinazogandisha programu

Kufungua faili kila mtu anajua, unaita open() inakupa namba, unasoma unaandika basi. Kufunga ndo watu wanapuuzia, utasikia aah si kerneli (kiini cha mfumo endeshi) itafunga yenyewe programu ikiisha. Kweli itafunga, ila seva haiishi leo wala kesho, na kwenye paipu (mrija wa kupitishia data kutoka prosesi moja kwenda nyingine) programu inaweza isiishe kabisa kwa sababu hujafunga, yani we unasubiri iishe ndo ifunge na yenyewe inasubiri ufunge ndo iishe.

Tuelewane kwanza, diskripta ni namba tu, inaonyesha nafasi kwenye jedwali ambalo kerneli inaitunzia prosesi yako, yani programu yako ikiwa inakimbia. 0 ni ya kusomea, 1 ya kuandikia, 2 ya erori, na ukifungua kitu kipya unapewa namba ndogo kuliko zote iliyo wazi, ndo maana faili yako ya kwanza kwa kawaida inapata 3. Iyo kanuni ya namba ndogo ishike, itatusumbua huko chini.

Kabla hujagusa kodi angalia prosesi imeshika nini (weka PID yako apo, yani namba ya prosesi):

    ls -l /proc/4127/fd

Listi ikizidi kurefuka kila ukirudia komandi ujue inavuja. Kikomo cha prosesi moja unakiona kwa ulimit -n, kwenye Linux nyingi ni 1024, ukikigonga open() inarudisha -1 na errno (namba ya erori) ni EMFILE, yani umeshika faili nyingi mno, na accept() ya seva, ile ya kupokea wateja, nayo inagoma ivo ivo. Mara nyingi kinachovujisha ni ile return ya haraka katikati ya fanksheni, umefungua faili juu, malloc ya kuomba memori ikafeli, ukatoka mbio bila kufunga. Mi naweka lebo moja chini yenye close() zote na kila erori naituma uko kwa goto. Najua kuna watu wakisikia goto wanashika kichwa, ila kwenye C apa ndo mahali pake.

Sasa paipu. Anayesoma anapata 0 kutoka read(), yani mwisho wa data, pale tu kopi ZOTE za upande wa kuandikia zimefungwa, na fork(), ile inayozaa prosesi mpya (mtoto) kutoka kwa ya kwanza (mzazi), inakopi kila kitu kwa mtoto. Kwaiyo:

    int p[2];
    pipe(p);
    if (fork() == 0) {
        close(p[1]);
        /* soma p[0] mpaka read irudishe 0 */
        _exit(0);
    }
    close(p[0]);
    write(p[1], "habari\n", 7);
    close(p[1]);
    wait(NULL);

Hiyo close(p[1]) ya ndani ya mtoto ndo niliyoisahau siku moja ikanilaza macho. Kwa mzazi nilikuwa nimefunga vizuri, nikaangalia mara kumi, lakini mtoto akasoma "habari" akaganda, mzazi naye kaganda kwenye wait(). Kumbe mtoto alikuwa anajisubiri mwenyewe, kopi ya mwisho ya kuandikia alikuwa nayo yeye. Nilikuja kumkamata kwa ile ls ya juu, paipu inaonekana kama pipe:[48213], unatafuta namba ileile kwa kila prosesi, alafu unaangalia ruhusa za kiungo: lr-x ni wa kusoma, l-wx ni wa kuandika. Mtoto alikuwa nazo zote mbili.

Ukiandika sheli yako ndogo ya a | b | c mambo yanazidi. Paipu 2 ni diskripta 4, ukizitengeneza zote kabla ya fork() basi watoto 3 na mzazi wanakuwa na kopi 16 kwa jumla, na zinazotakiwa kazini ni 4 tu. Kila mtoto afanye dup2() yake kwanza (ya kuiweka paipu kwenye 0 au 1) kisha afunge zote 4 za asili, mzazi naye afunge 4 zake kabla ya wait(). Na usidharau upande wa kusoma, ukiuacha wazi kwa mzazi na msomaji akafa, mwandishi hapati SIGPIPE (signali ya kumwambia hakuna msomaji), anaandika mpaka bafa ya paipu ijae, kwenye Linux kawaida baiti 65536, alafu anasimama apo milele.

Ukija kwenye exec(), inayoweka programu mpya ndani ya prosesi ileile, diskripta zinavuka nayo zisipokuwa na alama ya CLOEXEC, yani funga wakati wa exec. Iweke palepale unapofungua, O_CLOEXEC kwenye open() au pipe2(), usiseme ntaiweka baadae kwa fcntl() maana thredi nyingine (uzi mwingine wa kazi ndani ya prosesi ileile) inaweza kufanya fork() na exec() katikati. Kama umerithi uchafu wa mwingine, Linux kuanzia 5.9 ina close_range(3, ~0U, 0), inafagia zote kuanzia 3.

Alafu usifunge mara mbili. Kwenye programu ya thredi nyingi ukifunga 5, thredi nyingine inafungua soketi inapewa 5 (si unakumbuka kanuni), we unafunga 5 tena, umeua soketi ya watu na erori hupati. Ukishafunga weka fd = -1. Kwa sababu iyo iyo, kwenye Linux close() ikirudisha EINTR (imekatizwa na signali) usirudie, namba ilishaachiwa. EIO (erori ya kusoma au kuandika) ndo ya kuitilia maanani, inaweza kumaanisha data haijafika diski, na hata close() ikirudisha 0 hiyo sio ahadi kwamba imefika, ukitaka uhakika ita fsync() kabla. Na kama ulitumia fdopen(), inayoifungia diskripta ndani ya FILE*, funga kwa fclose() peke yake, itakufungia na diskripta ya ndani.