Kutoka gita kwenda besi: funga bomba

Nilipiga gita la ridhimu miaka kumi na minne kwenye kwaya yetu, Tabata, kabla sijashika besi kwa dhati hata mara moja. Mpiga besi wetu alihamishiwa Dodoma kikazi, Pasaka ikiwa imebaki wiki saba, na baada ya mazoezi ya Jumatano mwalimu wa kwaya akanikabidhi besi. "Wewe nyuzi unazijua," akasema. Kweli nilizijua. Ila hiyo ilikuwa nusu ya kazi, na nusu ya pili sikujua hata kama ipo. Hiyo nusu ya pili ndiyo ninayotaka kukupa wewe ambaye gita limeshakukaa mkononi na sasa umepewa besi, au umeitamani mwenyewe.

Kwanza ulichonacho tayari. Nyuzi nne za besi ni E, A, D na G, sawasawa na nyuzi nne nene za gita lako, isipokuwa zimeshuka oktava moja. E ya gita hutetema kama mara 82 kwa sekunde, E ya besi mara 41. Kwa hiyo kila skeli uliyoikariri kwenye nyuzi hizo inafanya kazi vilevile. G iko freti ya tatu ya uzi wa E (freti ni zile nafasi zilizogawanywa na vyuma shingoni), C iko freti ya tatu ya uzi wa A. Tena ule usumbufu wa uzi wa B, unaovuruga maumbo ya gita, huku haupo: nyuzi zote zimepishana kwa hatua ileile, na umbo ulilolijua mahali pamoja unalihamisha popote. Siku ya kwanza tu noti zote utakuwa nazo, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu tunaona tumeshafika.

Mimi nilizinduliwa na mzee mmoja wa Temeke aliyepiga besi kwenye bendi za dansi kuanzia miaka ya themanini. Nilimfuata nyumbani kwake Jumamosi asubuhi. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikampigia wimbo wetu mmoja wa funguo ya G mwanzo mpaka mwisho, noti zote sahihi. Alinyamaza mpaka nikamaliza. Kisha akanyoosha mkono na kulaza kiganja juu ya nyuzi, na ghafla pale kibarazani kukawa kimya. Ndipo nilipotambua kwamba besi ilikuwa bado inanguruma muda wote ule niliodhani nimeshamaliza.

"Umesikia?" akaniuliza. "Unafungua bomba, halafu unaondoka zako. Maji yanaendelea kumwagika. Funga bomba, mwanangu."

Ukinielewa hapo, mengine yote ni mazoezi. Kwenye gita tumelelewa kuziacha nyuzi zilie. Ukipiga kodi ya G ya wazi, kadiri nyuzi zinavyoendelea kuimba ndivyo kodi inavyonona. Sauti nzito haina tabia hiyo. Noti ya besi iliyoachwa inaingia ndani ya noti inayofuata, zinagombana huko chini, na kinachotoka kwenye spika ni tope. Isitoshe, uzi usioupiga nao huanza kutetema wenyewe kwa kuitikia uzi unaoupiga. Mpiga besi ana kazi mbili kwa kila noti: kuianzisha na kuimaliza. Mpiga gita anayehamia besi anaijua ya kwanza tu.

Kuzima kunafanywa na mikono yote miwili. Kushoto, usiuachie uzi moja kwa moja: legeza kidole mpaka uzi uinuke kutoka kwenye freti, lakini kidole kibaki kimeugusa. Sauti inakatika papo hapo, safi. Ukikitoa kidole kabisa, uzi wa wazi utalia bila kuombwa. Kulia, tumia kidole cha shahada na cha kati kwa kupokezana, kama mtu anayetembea. Usiuvute uzi kuelekea nje, usukume ndani ili kidole kikishapiga kitue juu ya uzi jirani ulio mnene zaidi. Kule kutua ndiko kunakouzima huo jirani. Kidole gumba kiegemeze kwenye pikapu, kile kisanduku cha sumaku kilicho chini ya nyuzi, ukiwa unapiga uzi wa E. Ukihamia uzi wa A au D, gumba nalo lishuke likalale juu ya E, maana E ukiiacha huru itanguruma wimbo mzima.

Zoezi alilonipa mzee ni hili. Weka metronomu ya simu kwenye mapigo 60 kwa dakika. Piga G, iache iishi pigo moja kamili, izime, kaa kimya pigo moja. Rudia dakika tano. Halafu iache iishi nusu pigo tu. Halafu pigo moja na nusu. Utaona ni kazi ya mtoto, na dakika ya tatu utagundua kwamba ukimya wako hauna urefu mmoja: mara mrefu, mara mfupi. Nilikaa kwenye zoezi hilo siku tisa kabla ya kuongeza noti ya pili, na kama ningeanza upya leo ningekaa tena siku tisa.

Kuhusu piki, kile kipande kidogo cha kukwangulia nyuzi: wapo watakaokuambia ni haramu kwenye besi. Si kweli. Carol Kaye wa Marekani alikuwa mpiga gita wa studio, na mwaka 1963 mpiga besi mmoja hakutokea kwenye kurekodi, akachukua besi yeye, na alipiga kwa piki. Paul McCartney naye alikuwa mpiga gita kabla ya kupokea besi ya Beatles mwaka 1961, na piki ameitumia miaka yote. Ila kwa mtu anayetoka gita nashauri uifungie piki kabatini miezi mitatu ya mwanzo. Mkono ulioshika piki unakumbuka tabia zake zote za zamani, na unachotaka ni usahau.

Mkono wa kushoto utakuuma, na una haki. Uzi wa besi ya kawaida una urefu wa inchi 34, kama sentimita 86, wakati gita la umeme ni inchi 25 na ushee. Nafasi ya freti ya kwanza peke yake inakaribia sentimita 5. Uzi wa E kwa kawaida una unene wa kama milimita 2.7, zaidi ya mara mbili ya ule wa gita. Kwa hiyo ile kanuni ya kidole kimoja kwa kila freti usiilazimishe huku kwenye freti za mwanzo. Shahada ichukue freti ya kwanza, cha kati freti ya pili, na cha pete pamoja na kidole kidogo vishirikiane kubonyeza freti ya tatu. Ukipita freti ya saba, ambako nafasi zimebana, rudia mtindo wako wa gita. Bonyeza karibu kabisa na chuma cha freti, nyuma yake, na hutahitaji nguvu nyingi. Ukisikia maumivu kwenye kifundo cha mkono (siyo ncha za vidole, hizo zitakomaa tu), simama siku hiyo. Mimi nilijikaza nikakosa mazoezi ya wiki nzima.

Sasa, upige nini? Waimbaji wa kwaya wana silaha ambayo wapiga gita wengi tumeiacha: do re mi. Kila kodi ina do yake. Mwezi wa kwanza piga do peke yake. Wimbo uko G, kodi zake G, C na D: piga G freti ya tatu ya uzi wa E, C freti ya tatu ya uzi wa A, D freti ya tano ya uzi huohuo wa A. Basi. Ukishaweza kupita wimbo mzima kwa do tu, kila noti imeanza na kuisha mahali pake, ongeza so. So ya G ni ile D uliyokwishaijua, na do ya juu iko freti ya tano ya uzi wa D. Do, so, do ya juu: umbo hilo halibadiliki, lihamishe kwa kila kodi. Nyimbo nyingi za ibada zinasimama juu ya sauti hizo tatu na hazipungukiwi kitu.

Mkono wako utakuwa unawasha. Utataka kujaza kila pengo kwa kirukia kidogo kama ulivyozoea kwenye solo. Vumilia. Kwetu waimbaji wa sauti ya besi wanasimama upande ule wa amplifaya, na noti yao ya kuanzia wanaichukua kwenye besi. Jumatano moja nilijaza virukia kwenye kiitikio, wakapotea wote wanne. Tangu siku hiyo kabla ya kuongeza noti ninawatazama nyuso.

Halafu kuna mguu wa mpiga dramu. Hili ni kubwa kuliko skeli zote. Nilimwomba kijana wetu wa dramu tubaki nusu saa kila baada ya mazoezi, wawili tu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, piga kiki na snea, usiongeze kitu." Nikapiga G pale tu mguu wake ulipokanyaga kiki, ile dramu kubwa ya mguu. Baada ya dakika kama mbili akasimama. "Kaka, mbona unanitangulia?" Nilibisha moyoni, lakini tulipojirekodi kwa simu alikuwa sahihi. Mkono wa ridhimu haupumziki, unakwangua juu na chini bila kusimama, na ukiupa besi unaendelea kukimbia. Dawa niliyoipata ni kuacha kusikiliza besi yangu mwenyewe na kuutazama mguu wake. Ukiingia pamoja naye sawasawa, kiki huisikii tena kama kitu cha peke yake wala besi huisikii kama kitu cha peke yake, inakuwa sauti moja yenye ngozi ya mbele na nyama nyuma. Kisha zima noti yako pale snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, inapopigwa. Utashangaa snea ilivyokuwa na makali siku zote, wewe ndiye uliyekuwa unaifunika.

Kusikiliza nako ni mazoezi, na sisi wa Dar hatuna haja ya kwenda mbali. Msondo Ngoma ipo tangu 1964, ilipoanza kwa jina la NUTA Jazz, na Mlimani Park, Sikinde, ipo tangu 1978. Muziki wa dansi umejengwa kwa magita kadhaa, solo, solo la pili, ridhimu na besi, kila moja likiwa na kijumba chake. Chukua wimbo mmoja tu, vaa spika za masikioni (spika ya simu haiwezi kuzitoa sauti hizo nzito, utadhani besi haipo), na uimbe besi kwa mdomo mpaka uijue kama unavyojua ubeti. Mimi nilifanya hivyo kwenye daladala asubuhi kwenda Kariakoo. Utakachokikuta ni mapengo. Besi ya rumba inasema neno, inanyamaza, inasema tena. Na wimbo ukifika kwenye chemko, ambako magita mengine yanachachamaa, sikiliza jinsi besi inavyokamata kifungu kimoja kifupi na kukishikilia. Usishike chombo mpaka uweze kuimba hata yale mapengo.

Mambo ya vifaa ni machache. Usichomeke besi kwenye amplifaya ya gita na kupandisha sauti: spika ile haikutengenezwa kwa mtikisiko huo. Nilifanya hivyo wiki ya kwanza, karatasi ya spika ikachanika na fedha ya kuibadilisha ilitoka mfukoni mwangu. Ukitumia amplifaya ya gita, iwe kwa sauti ya chini kabisa, nyumbani. Umeme ukikatika, gusisha kichwa cha besi kwenye kabati la mbao au mlango. Mbao itaibeba sauti na utajisikia vizuri kabisa. Kabati langu la mninga limenifundisha mengi gizani. Programu ya simu ikishindwa kuisikia E wakati wa kutyuni, gusa uzi juu ya chuma cha freti ya kumi na mbili bila kuubonyeza, upige, utoe kidole: sauti itapanda oktava moja na simu itaikamata.

Nyuzi za besi ni ghali kuliko za gita, na jasho letu na hewa ya chumvi ya pwani haviziachi salama. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Zikishakuwa butu, zitoe, zichemshe kwenye sufuria ya maji dakika kumi, zikaushe vizuri mpaka pasibaki unyevu, uzirudishe. Uchafu ulioganda kwenye mizunguko ya waya unatoka na mlio unarudi, japo si kwa muda mrefu. Mwombe mwenye jiko sufuria ya zamani, siyo ya wali.

Jumapili ya Pasaka nilipiga do na so, zaidi ya hapo sehemu tatu tu kwenye ibada nzima. Mke wangu hukaa viti vya nyuma karibu na mlango, na nilimwomba asikilize besi aniambie ilivyotoka. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamuuliza.

"Besi sikuitilia maanani," akasema. "Ila leo maneno ya ubeti wa pili nimeyasikia yote."