Jinsi ya kufikisha elimu ya afya ya uzazi kwa vijana walio hatarini

Kama unataka kuwasaidia vijana ambao maisha hayajawakalia sawa, nazungumzia walioacha shule, wanaolala nje, walio kwenye madawa, wanaouza mwili ili wapate kula, usianze na mada. Anza kwa kujua wanashinda wapi na saa ngapi wana nafasi, afu nenda huko ukae usikilize, wiki za mwanzo usifundishe chochote. Hawa wameshahubiriwa sana na wakiona umekuja na vipeperushi na sauti ya mwalimu wanakupa muda wa kukuridhisha tu halafu wanaondoka na maswali yao.

Ukishazoeleka tafuta waelimishaji rika, yaani vijana wenzao watakaowaelimisha. Usichague yule mtulivu anayekupendeza wewe, mchague yule ambaye wenzake tayari wanamfuata wakipata shida, hata kama ana mambo yake. Mfundishe vizuri, na kitu cha kwanza ajue kusema "sijui, ngoja nikaulize" bila aibu, manake jibu la kubahatisha kwenye haya mambo linaweza kumpa mtu mimba au ugonjwa. Na mlipe hata nauli jamani, mtu hawezi kujitolea miezi na miezi na njaa.

Wazazi na wazee nao waambie mapema. Wataogopa kwamba unawaamsha watoto waliolala, hiyo hofu iheshimu ila ijibu: mwongozo wa UNESCO wa 2018, uliopitia tafiti nyingi, unasema elimu hii haiwafanyi vijana waanze ngono mapema wala wafanye zaidi.

Sasa siri. Hapa ndo kila kitu kinasimama au kinaanguka. Siku ya kwanza kabisa, kabla hawajakuambia lolote, waeleze kwamba ya humu hayatoki, isipokuwa mtoto akiwa anadhulumiwa au uhai wa mtu ukiwa hatarini, hapo itabidi umshirikishe anayeweza kumlinda na utamwambia mwenyewe kwanza. Usiahidi siri isiyo na mwisho, manake siku ukilazimika kuivunja utakuwa umempoteza yeye na wenzake wote. Kwa hiyo ujue kabla nani anapokea kesi za watoto hapo mlipo, usianze kumtafuta siku binti amekaa mbele yako analia.

Vikundi viwe vidogo. Weka boksi la maswali na kila mtu atumbukize karatasi, hata asiye na swali aweke tupu, hivyo hakuna atakayejulikana kauliza nini, na asiyejua kuandika amnong'oneze mwelimishaji rika. Kondomu usiielezee kwa mdomo tu, leta ya mfano kila mmoja aishike: aangalie tarehe, abonyeze pakiti asikie kama ina hewa, asichane kwa meno, abane ncha anapoivalisha, na ya mpira isiguswe na mafuta. Mbili kwa pamoja ni makosa, na wengi wanadhani ndo usalama zaidi.

Kama una nafasi ya kuwakaririsha kitu kimoja basi iwe masaa. Aliyebakwa, au kondomu imempasukia na hajui kama mwenzie ana VVU, dawa za PEP za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema ndo bora, na zinamezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinasaidia mpaka siku 5 ila kila siku inayopita vinapungua nguvu. Kijana anayejua hizo namba anakimbia kliniki usiku huohuo, asiyejua anakaa ndani na aibu yake mpaka muda unaisha. Waambie pia klamidia na kisonono, magonjwa ya zinaa, mara nyingi havina dalili kabisa, hasa kwa wanawake, kwa hiyo kujiangalia hakutoshi, lazima kupima, na vinatibika. Kipimo cha haraka cha VVU kinaweza kukosa maambukizi mapya, arudie baada ya miezi 3. Na anayeishi na VVU akimeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzie kwa ngono. Hili liseme kwa sauti, manake kwenye kikundi chako yumo anayelihitaji na hatauliza.

Ukifika kwenye kukataa, usiseme "kataa tu". Binti ambaye pa kulala panategemea huyo mwanaume hawezi kukataa tu, ongea naye kuhusu njia anazoweza kuzishika mwenyewe, kama PrEP, dawa ya kujikinga na VVU inayotumika kabla ya ngono, au sindano ya uzazi wa mpango, na nani anaweza kumpa pa kulala leo.

Halafu kliniki. Nenda wewe kwanza, ulizia muda, gharama, kama wanadai mzazi awepo, na umpate nesi mmoja asiye na maneno. Wasindikize mara ya kwanza, usiwape karatasi tu na kuwaelekeza, manake mmoja akitukanwa mapokezini mtaa mzima unajua kabla ya jioni na hakuna atakayeenda tena.

Usihesabu waliohudhuria, hesabu waliofika kliniki na waliorudi kuchukua majibu. Na daftari lako liwe na idadi tu, majina yasiwemo hata kwa kifupi, madaftari yanapotea.