Kumhoji mtu katika L.A. Noire: somo kwa waliochoka na nyota moja

Wadau, nimeimaliza L.A. Noire mara tatu. Mara ya kwanza niliicheza kama mtu wa mkeka wa mechi: naangalia uso, nabahatisha kitufe, piano inashuka (ndiyo sauti ya kukosea), nasonya, naendelea. Kila kesi ikiisha gemu inakupa nyota, tano ndizo za juu; mimi nilifika mwisho na nyota moja moja, mbili mbili, bila kujua nilikuwa nakosea wapi. Mara ya tatu nyota tano zilikuwa kitu cha kawaida, na sidhani kama macho yangu yaliongezeka ukali. Nilipata utaratibu tu, na ndio ninaouleta hapa.

Kwa mgeni wa gemu hii: ilitengenezwa na Team Bondi wa Sydney, ikatolewa na Rockstar Games mwezi Mei 2011. Wewe ni Cole Phelps, mwanajeshi aliyerudi kutoka Okinawa akajiunga na polisi wa Los Angeles, na mwaka ni 1947. Unaanza kama askari wa doria, unapanda dawati (yaani kitengo) la trafiki, la mauaji, na kuendelea. Kazi kubwa ni kuzungumza na watu. Waigizaji walikalishwa kitini wakazungukwa na kamera 32, kila mkunjo wa uso ukaingia kwenye gemu kama ulivyo. Mwili ulirekodiwa kando, ndiyo maana mara nyingine kichwa kinaonekana kama kimeazimwa kwa jirani.

Mtu akishajibu swali lako, una vitufe vitatu: Truth, Doubt na Lie. Hapa nitaviita Kweli, Shaka na Uongo. Wenye toleo la 2017 mnaona maneno mengine, tutayafikia kwenye maswali.

Hatua ya 1: Usiende kwa mtu mkono mtupu

Hapa ndipo wengi wanapopotea, halafu wanalaumu uso wa mtuhumiwa. Maswali yaliyo kwenye daftari la Phelps hayaji yenyewe. Mengi yanatokana na vitu ulivyookota. Ukiruka kitu kimoja, unaweza kukosa swali, au ukalipata swali lakini ukakosa kithibitisho chake, na hiyo ya pili inauma zaidi.

Gemu inakusaidia kwa sauti. Ukiwa eneo la tukio kuna muziki wa chini chini. Muziki huo ukinyamaza, hapo umekwisha okota kila kitu. Ukikaribia kitu, inalia kengele ndogo na padi inatetemeka mkononi. Kitu kikubwa kigeuzegeuze kabla ya kukirudisha, maana maandishi yanaweza kuwa upande wa pili. Kwa hiyo tafadhali, usicheze umezima sauti. Mimi nusu ya mchezo wa kwanza niliichezea sebuleni kwa rafiki huku watu wanne wakitazama mpira, na nilikuwa naondoka eneo la tukio nimeacha nusu ya ushahidi chini.

Nitatoboa kesi moja ya mwanzoni ili mfano ueleweke. Asiyecheza The Driver's Seat aruke aya hii. Gari la Adrian Black limekutwa limetelekezwa, viti vimejaa damu, mwenyewe hayupo. Anayekimbia ataona damu na kuondoka akitafuta muuaji. Anayepekua buti anakuta risiti ya nguruwe aliyenunuliwa akiwa hai. Kuna bomba lenye jina InstaHeat, na ukifika nyumbani kwa Black, ukazunguka nje, unakuta mashine ya kuchemshia maji ya InstaHeat. Chumbani, nyuma ya picha, kuna barua ya mwanamke aitwaye Nicole. Sasa fikiria umeketi mbele ya mke wa Black bila kuwa umeingia chumbani. Unamhoji kuhusu ndoa ambayo wewe mwenyewe huijui. Atakudanganya, utamwona anadanganya, na huna cha kumwekea mezani.

Kwa hiyo ukiingia nyumba ya mtu, na gemu ikikuruhusu kutembea, pekua kwanza. Chai na maneno baadaye.

Hatua ya 2: Fungua daftari kabla ya kufungua mdomo

Dakika moja inatosha. Pitia orodha ya ushahidi, na kwa kila kimoja jiulize: hiki kinavunja kauli gani? Risiti inavunja kauli ya "sikufika huko". Barua inavunja kauli ya "simjui". Ukifanya hivi, mtu akitamka uongo wake unausikia kabla hujamtazama. Njia ya mwongo ni fupi, lakini lazima wewe uwe umesimama mwisho wake unamsubiri.

Hatua ya 3: Sikiliza jibu lote, kisha mtazame

Hakuna saa inayokukimbiza. Mtu akimaliza kujibu, anabaki amekaa pale akifanya vituko vyake mpaka uchague. Mtazame hata dakika mbili ukitaka. Msema kweli ametulia na macho yako kwako. Mwenye jambo hatulii: macho yanakimbia pembeni, anameza mate, anauma mdomo, shingo inacheza.

Kuna kitu kimoja kilinisumbua na nadhani kimewasumbua wengine hapa. Sisi tumelelewa kwamba kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu. Kijana akihojiwa na mzee anaangalia chini, na hiyo ni heshima. Kwa Phelps, anayeangalia chini ana jambo. Kesi zangu za mwanzo nilikuwa nawapa Kweli mabinti wote walioinamisha macho, nikidhani ni malezi mazuri. Nilikula hasara.

Hatua ya 4: Chagua kwa daftari, si kwa uso

Uso unakujibu swali moja tu: anasema kweli au la. Basi. Hauwezi kukuambia kama ubonyeze Shaka au Uongo, kwa sababu sura ya Shaka na sura ya Uongo ni moja. Nilipoelewa hili gemu nzima ilibadilika.

Ametulia: Kweli. Hajatulia na unacho kitu kinachovunja kauli yake: Uongo, kisha toa kitu hicho. Hajatulia na huna kitu: Shaka.

Ndiyo kusema Shaka katika gemu hii halina maana ya "sina uhakika". Maana yake ni "najua unanificha, ingawa sina ushahidi, hebu sema". Anayebonyeza Shaka kwa sababu yeye mwenyewe ana mashaka atakosea mara nyingi, kisha atashangaa kwa nini Phelps amempandishia sauti mjane.

Hatua ya 5: Mshutumu, msikilize, rudi nyuma

Hii inaonekana kama wizi lakini imo ndani ya gemu. Ukibonyeza Uongo, mtu hukasirika na kukuuliza: una ushahidi gani? Katika kukasirika kwake mara nyingi anataja kile anachokukana. Sikiliza sentensi ile vizuri. Ukiona unacho kitu kinachoijibu, kitoe. Ukiona huna, bonyeza kitufe cha kurudi, Phelps atafuta shutuma yake, na utachagua upya bila kupoteza kitu. Mimi siku hizi kila nikiona mtu hajatulia naanza na Uongo, nasikia anachobwata, kisha naamua.

Hatua ya 6: Machale

Ukipanda cheo unapewa pointi za Intuition. Mimi naziita machale. Huwezi kuwa nazo zaidi ya tano kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuzihifadhi kama mahari hakuna maana. Pointi moja inaondoa jibu moja lisilo sahihi, au ukiwa eneo la tukio inakuonyesha vilipo vitu vilivyobaki. Ushauri wangu: zitumie zaidi kwenye vitu vilivyobaki. Ukishavipata vyote, mahojiano yanakuwa mepesi yenyewe.

Piano ikipanda umepata, ikishuka umekosa. Usilie na piano, uliza swali linalofuata.

MASWALI YA WANACHAMA

kuku_wa_kienyeji: Mkuu, Kiingereza chao cha zamani kinanipita. Nikiweka maandishi ya chini nasoma, nikisoma sioni uso. Nifanyeje?

Weka maandishi, soma kwanza kwa utulivu. Nimesema hakuna saa. Akishamaliza kusema na maandishi yakaondoka, ndipo inua macho usoni. Vituko vyake vinaendelea, hukukosa kitu.

BabaWawili: Kwa nini Phelps ana hasira vile? Nimebonyeza Shaka kwa bibi wa watu, taratibu tu, jamaa akaruka kama amekanyaga moto.

Kaka, hili wachezaji wamelicheka dunia nzima, hata ile picha ya Phelps na kitufe cha X inayozunguka mitandaoni imetoka hapo. Inaelezwa kwamba wakati wa kurekodi, chaguo hizo tatu zilikuwa na maana ya kubembeleza, kubana na kushutumu. Aaron Staton, mwigizaji wa Phelps, alibana kweli kweli kama alivyoandikiwa. Majina ya Truth, Doubt na Lie yakaja juu ya sauti ambazo zimekwisha rekodiwa. Ukisoma Doubt kama "mbane", hasira yake inaeleweka, ingawa yule bibi bado ana haki ya kulalamika.

mtoto_wa_Ilala: Mimi nina PS4. Sioni Truth wala Doubt. Naona Good Cop, Bad Cop na Accuse. Somo lako linanifaa?

Linakufaa, na wewe una nafuu. Good Cop ndiyo Kweli yangu, Bad Cop ndiyo Shaka, Accuse ndiyo Uongo. Shida ndogo ni kwamba Good Cop inakufanya ufikiri unachagua tabia yako mwenyewe, upole au ukali, wakati bado unatakiwa kuamua kama mtu anasema kweli. Kuna watu wanachagua upole kwa sababu shahidi anatia huruma. Usimwonee huruma kabla hujamtazama.

chuma_chakavu: Nikikosea swali moja lazima nirudie kesi yote? Kesi zingine ni ndefu, na kwetu umeme hauna adabu.

Gemu inajihifadhi yenyewe, huwezi kuihifadhi kwa mkono. Lakini ukikosea, toka haraka kwenda kwenye menyu kuu kabla haijahifadhi. Ukirudi utaanza kidogo nyuma ya hapo. Kwa hiyo kwa namna fulani umeme ukikatika sekunde ileile uliyokosea, shukuru.

Dada_wa_Kisauni: Mimi maongezi nayaweza vizuri, ila kukimbizana na kupigana risasi kunanishinda. Nimekwama mahali pamoja tangu Jumamosi.

Pole dada. Ukishindwa mara tatu sehemu ya mapigano, gemu inakuuliza kama unataka kuiruka. Kubali bila aibu. Na safari ndefu za gari mwachie mwenzako aendeshe, unafika mara moja. Ukiendesha mwenyewe ukagonga mataa ya barabarani, gharama zinaingia kwenye ripoti ya kesi.

kipanga74: Naomba kupinga. Mnasema gemu ni ngumu, mimi naona haina ugumu kabisa. Nilikosea karibu maswali yote ya kesi moja kwa makusudi na hadithi ikaendelea. Ugumu uko wapi kama huwezi kushindwa?

Una hoja. Bosi anakufoka, nyota zinapungua, na kesho yake unapewa kesi nyingine kana kwamba hujavuruga kitu. Hakuna kiwango cha ugumu cha kuchagua pia. Mimi naona adhabu yenyewe ni kutoelewa: unamkamata mtu bila kujua sawasawa alifanya nini. Lakini kwa anayetaka mchezo wa kufa na kupona, hapa hapana.

kipanga74: Na dawati la mauaji? Pale hata ukipatia unakosea.

Hapo sikubishii, na wasiofika huko waache kusoma sasa. Kesi ya The Golden Butterfly inakuwekea watuhumiwa wawili: mume wa marehemu, ambaye ushahidi umemlalia, na mwanamume mwingine anayejulikana kwa kuharibu watoto. Nilifuata hatua zangu zote, nikamshtaki mume. Kapteni Donnelly, bosi wa dawati hilo, akanifoka kama mtoto. Nyota tano zilikuwa kwa yule mwingine. Kisha mbele huko unakuja kujua kwamba kati ya wale wawili hakuna aliyeua. Yaani gemu ilinifundisha kusoma ushahidi, halafu ikanipigia piano ya kushuka kwa kuusoma. Wapo wanaosema ndivyo polisi wa wakati ule walivyokuwa, wakitafuta mtu wa kufunga faili, na kwamba ndilo lengo la waandishi. Inawezekana. Mimi bado nina kinyongo.

BabaWawili: Swali la mwisho. Wanangu wana miaka 9 na 12, wanapenda kukaa nami nikicheza. Inafaa?

Hapana, kaka. Imewekewa alama ya miaka 18 Ulaya. Maiti wa dawati la mauaji wako uchi na wamekatwakatwa, na Phelps anawageuza mikono na shingo kama anavyogeuza risiti. Dawati la trafiki lina nafuu kidogo, ila hata huko kuna damu. Cheza wakishalala.

BabaWawili: Wa miaka 12 alishaniona na kesi ya nguruwe. Ndiye aliyeniambia niangalie buti.