Somo: Ipoksi au dawa ya kunywesha? Iulize sakafu kwanza

Swali la "nipake nini kwenye sakafu ya zege" linarudi kila wiki, kwa hiyo naandika jibu lake mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Zege jipya liache litimize siku 28.

2. Dondoshea maji. Yakinywewa, zege liko wazi. Yakisimama kama shanga, kuna polishi au rangi ya zamani, nayo sharti itoke yote.

3. Pima unyevu. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwezi wa Septemba nilipaka ipoksi (rangi ngumu ya sehemu mbili zinazochanganywa) stoo moja huku Ipagala bila kupima, nikijiambia kwamba Dodoma ni kukavu na unyevu ni shida ya watu wa pwani. Mvua za Januari ziliponyesha, malengelenge yakaanza kuota kando ya ukuta wa nje, nami nilipotoboa moja likatoa maji, kisha rangi ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kumbe waliomwaga jamvi, yaani bamba la zege la sakafu, hawakutandika nailoni chini yake. Basi kata nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne, iache usiku kucha au saa 24, kisha uifunue: matone chini yake, au zege lililogeuka jeusi, maana yake ni unyevu. Tahadhari kubwa ni kwamba kipimo hiki husema hali ya siku hiyo tu. Sakafu isiyo na nailoni chini itakudanganya wakati wa kiangazi, kwa hiyo rudia masika au usiipake ipoksi kabisa.

4. Chagua. Sakafu yenye unyevu, au usiyoijua historia yake, inyweshee dawa ya silikati, ambayo huingia ndani, hukaza uso na kupunguza vumbi bila kuziba pumzi ya zege, ingawa haizuii madoa yote. Rangi ya akriliki ni ya bei nafuu na huisha mapema panapopitwa sana. Ipoksi inafaa gereji na karakana kwa kuwa haidhuriwi upesi na oili, lakini barazani jua litaigeuza njano. Rangi ya poliurethani huvumilia jua, na wengi huipaka juu ya ipoksi.

5. Saga uso kwa mashine ya mafundi wa terazo, kisha ondoa vumbi lote.

MASWALI

Mkuu, nina sebule, nipake rangi gani?
— Hatua ya 2 na ya 3. Rudi na majibu ya sakafu yako.

Fundi wangu alipaka juu ya niru na haijabanduka mpaka leo. Unatutisha bure.
— Sikusema kila niru hubanduka. Niru ni ngozi nyembamba ya saruji, na ipoksi hushika ngozi hiyo, si zege lililo chini yake. Ikwangue kwa bisibisi: ikitoa unga, isage. Ya fundi wako ilikuwa imara, nami namshukuru Mungu pamoja naye.

Nilipaka saa nne asubuhi, ikajaa vitundu vidogo vidogo. Je, niliuziwa bandia?
— Si lazima, na nimefurahi umetaja saa. Jua linapopanda, zege hupata joto, hewa iliyomo ndani hutanuka na kutokea kwenye rangi mbichi. Paka kuanzia saa kumi jioni, sakafu inapoanza kupoa. Tena, ukishachanganya ipoksi na hadina (kigumishi chake) usiache mchanganyiko ndooni, kwa sababu hujichemsha wenyewe na kuganda. Umwage sakafuni mara moja, uusambaze kwa rola.

Mimi nilifuata ushauri huo wa jioni, nikawasha taa, asubuhi nikakuta kumbikumbi wamenasa sebule nzima.
— Pole, ndugu. Gawa kazi vyumba kwa vyumba ili umalize kabla ya giza. Hao wakishakauka, wasage kwa msasa, futa, kisha paka tabaka la pili.

Na vumbi la upepo je? Huku Nzuguni halina adabu.
— Mimi hutundika gunia lililoloweshwa mlangoni na kumwagia uwanja maji kabla ya kuchanganya. Lakini lisichuruzike ndani.