Skana ya mkononi haiingii chaji? Angalia hapa kwanza

Juzi shemeji yangu kanipigia kutoka Texas, skana (ile radio ndogo ya kusikilizia masafa mbalimbali) imekufa, kaichaji usiku kucha na asubuhi haiwaki. Nikamwambia usitupe, mimi mwenyewe ilinilia Jumamosi nzima. Tunatumia aina moja, BC125AT ya Uniden, betri mbili za AA, tunasikilizia marubani wa ndege na tahadhari za hali ya hewa za NOAA, shirika la hali ya hewa la Marekani, kule 162 MHz msimu wa vimbunga.

1. Fungua mfuniko wa nyuma, toa betri.

2. Sasa hapa tulia. Pale betri zinapokaa kuna kaswichi kadogo sana, ukiwa na haraka hukaoni. Upande mmoja ni alkalaini, zile betri za kawaida zisizochajiwa, mwingine ni Ni-MH, zile za kuchaji. Kakiwa alkalaini radio haichaji hata uiache wiki, mimi nilibadilisha waya mara tatu, nikabadilisha kichwa cha chaja, nikachomeka mpaka kwenye laptopu, kumbe ni hako! Kasukume na ncha ya kalamu. Ila ukishakapeleka Ni-MH usije ukaweka betri za kawaida za rimoti halafu ukachomeka waya, zile hazichajiwi, zinapata moto na kuvuja na maji yake yanakula vibati. Kama zimeshavuja utaona unga mweupe kwenye springi, futa na pamba ya masikio yenye siki kidogo, acha ikauke kabisa ndo urudishe betri. Na kila ukibadilisha aina ya betri kumbuka kaswichi, mimi nimebandika kakaratasi ndani ya mfuniko maana najijua.

3. Betri: Ni-MH za Eneloop nyeupe basi, kama 2000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa), hata zikilala droo miezi unazikuta na chaji. Zile za bei poa zimeandikwa 4000 ni uongo mtupu, AA ya Ni-MH haifiki huko. Halafu kuna lithiamu zinaitwa 14500, umbo ni lile lile la AA lakini moja ni volti 3.7, ukiweka mbili unaipa radio volti 7 na ushee wakati inataka kama 2.4 tu. Utasikia harufu kabla ya sauti.

4. Chaja. Kwa waya wa radio inawezekana, zima radio, chomeka, lala. Mimi lakini siipendi hiyo, nachaji nje kwenye chaja inayoangalia kila betri peke yake, ikijaa inakata. Zile zinazochaji mbili mbili kwa pamoja achana nazo.

5. Kuwa na pea mbili. Zangu nimeziandika A na B kwa maka peni ili zisichanganyike, maana ukiweka nzima na chovu pamoja, chovu inaisha mapema na mwenzake anaendelea kuikamua mpaka inageuka poli, yaani chanya inakuwa hasi, na hapo hata chaja inaikataa.