Ruta ya Ulaya kwenye Nyumba ya Tanga: Zima DHCP Kabla Hujafunga Begi

Wengi wanaorudi likizo Tanga siku hizi hubeba ruta. Nyumba ya wazee Ngamiani au Chumbageni tayari ina ruta ya laini ya simu, ile inayokaa dirishani kuutazama mnara, lakini waifai yake inafia ukumbini. Ukuta wa matofali ya saruji hauna huruma, na chumba cha bibi kule uani hakipati kitu. Ndugu wa Manchester au Hamburg anaichomeka ruta ya pili, anaona taa zinawaka, anarudi zake kazini. Wiki ya pili simu zinaanza: "Waifai imejaa ila haifunguki."

Kosa ni hili. Ruta ikitoka kiwandani hujiona ndiyo kichwa cha nyumba, na kila simu inayoingia huigawia anwani, yaani namba ya kuitambulisha kwenye mtandao. Kazi hiyo kwenye menyu inaitwa DHCP. Nyumba ikiwa na ruta mbili zinazogawa, simu inachukua anwani ya ile iliyowahi kujibu. Aliyejibiwa na ruta ya laini anapata intaneti. Aliyejibiwa na ile ya Ulaya anaelekezwa kwenye lango, yaani njia ya kutokea kwenda intaneti, ambalo nyuma yake hakuna kitu. Ndiyo maana ya shangazi inafunguka na ya mjomba inagoma, halafu kesho inakuwa kinyume chake. Zikiwa zote mbili zinatumia anwani moja, mfano 192.168.1.1, hapo vurugu ni maradufu.

Kwa hiyo zima DHCP ya ruta ya pili. Izime ukiwa huku Ulaya, mezani kwako, si siku ya mwisho ya likizo gari likiwa linapiga honi nje.

Kwanza pata anwani ya ruta ya nyumbani: mwambie mtu afungue maelezo ya waifai kwenye simu yake na akusomee namba ya lango (Gateway). Ruta nyingi za laini zinatumia 192.168.8.1 au 192.168.0.1. Tuseme ni 192.168.8.1. Unganisha kompyuta na ruta yako kwa waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani ya nyumba), fungua ukurasa wake kwa anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini, kisha ibadilishe anwani iwe 192.168.8.2. Hakikisha namba hiyo haimo kwenye fungu la anwani linalogawiwa na ruta ya nyumbani; mara nyingi fungu huanzia 192.168.8.100. Ingia upya kwa anwani mpya, badilisha nywila ya kiwandani, weka jina la waifai na ulinzi wa WPA2. DHCP iwe ya mwisho kuzimwa, kwa sababu baada ya hapo ruta haitaipa kompyuta yako anwani tena. Ukitaka kuirudia, iandikie kompyuta anwani kwa mkono, mfano 192.168.8.50, na maski (Subnet Mask) 255.255.255.0. Ruta yenye chaguo la "Access Point" hukuzimia DHCP yenyewe, basi litafute kabla hujahangaika.

Waya utoke LAN ya ruta ya kwanza uingie LAN ya ruta ya pili. LAN kwa LAN. Tundu la WAN, la kuingizia intaneti kutoka nje, mara nyingi lina rangi yake peke yake, na macho ya watu wa nyumbani yatalikimbilia hilo. Ukichomeka hapo na DHCP umeizima kwa mkono, simu za ruta ya pili hazitapata anwani wala intaneti. Lizibe kwa plasta.

Sasa kitufe cha reset. Kijana wa nyumbani, au fundi aliyeitwa kwa nia njema, akiona mtandao unasuasua atachukua sindano na kukibonyeza sekunde kumi. Kila ulichopanga kinafutika, DHCP inaamka, nyumba nzima inavurugika. Wapenzi wazee wetu, reset si kuzima na kuwasha! Kuzima ni kuchomoa umeme, ukahesabu hadi thelathini, ukarudisha. Andika hilo kwa herufi kubwa juu ya ruta. Wakikupigia, uliza namba ya lango kwenye simu inayogoma: ikiwa si ya ruta ya laini, DHCP imeamka. Waambie wachomoe ile ya pili kwanza, wenye intaneti waendelee.

Huku tumelemazwa. Kampuni inakuletea ruta imepangwa tayari, nywila iko kwenye kibandiko, ikigoma wanaikagua kutoka kwao, nawe unaishi miaka kumi hujafungua ukurasa wake hata mara moja. Huduma nzuri, lakini inamfanya mtu adhani ruta ni kama pasi. Na angalia kama ni yako kweli, maana kampuni nyingine huazimisha tu na mkataba ukiisha huidai.

Majina ya waifai yaweke tofauti, UKUMBI na UANI. Wataalamu watakwambia jina moja ni bora kwa kuhama chumba hadi chumba, ni kweli, lakini wewe uko mbali na unahitaji kujua mtu amekamata ipi. Watoto wa jirani wanaokaa barazani wape mtandao wa wageni ulio kwenye ruta ya laini. Ule wa ruta ya pili, DHCP ikiwa imezimwa, mara nyingi hautengi mtu, unamwingiza nyumba nzima.

Waya nunua wa shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba. Hewa ya chumvi ya Raskazone inakula vichwa vyake mapema. Usizidi mita 100. Adapta iwe imeandikwa 100-240V. Betri ndogo ya akiba, yenye volti zilezile za ruta, nunua mbili: umeme ukikatika na ruta moja tu ndiyo ina betri, uani kutakuwa kimya.