Bima yako Marekani inafuata sheria ya nani?

Watu wawili wanaweza kuishi mtaa mmoja Seattle, wana kadi za kampuni ileile ya bima, mmoja akalipiwa homoni na upasuaji wa kubadili jinsia, mwenzake akanyimwa. Tofauti iko kwa anayebeba gharama nyuma ya kadi.

Sheria ya jimbo la Washington, ambako Seattle iko, ya mwaka 2021, iliyoanza 2022, inakataza bima kuyatupa matibabu haya kwa kisingizio cha urembo pale ambapo mgonjwa anayahitaji kiafya. Ila sheria ya bima ya jimbo humshika muuza bima. Mwajiri mkubwa anayelipia wafanyakazi kwa fedha zake mwenyewe, kampuni ya bima ikimshughulikia makaratasi tu, yuko chini ya ERISA, sheria ya serikali kuu ya 1974, si ile ya jimbo. Kadi mara nyingi haisemi. Andika barua pepe kwa ofisa utumishi kazini, uulize kama mpango ni self-funded (mwajiri analipa mwenyewe) au fully insured (kampuni ya bima inalipa), na uombe kitabu kamili cha mpango, si ule muhtasari wa kurasa chache. Soma sehemu ya yasiyolipiwa kwanza.

Aliyejinunulia bima kwenye soko la bima la serikali (Marketplace) aisome upya kila mwaka: kuanzia 2026, kanuni ya serikali kuu imeyatoa matibabu haya kwenye orodha ya huduma za msingi ambazo bima hizo hulazimika kulipia.

Kwa walio chini ya miaka 18, Texas na Tennessee zimewakataza madaktari wenyewe kutoa homoni na dawa za kuzuia balehe kwa ajili hii. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Marekani iliiacha sheria ya Tennessee isimame. Huko kugombana na bima ni kupoteza muda.

Ukikataliwa, soma sababu kabla ya kukasirika. Wakati mwingine ni kompyuta tu: rekodi ya aliyebadili jinsia inasema mwanamume, dai ni la kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, mfumo unalitupa. Hapo rufaa haihitajiki. Mwambie mhasibu wa kliniki atume dai upya likiwa na alama ya KX, au msimbo 45 kwa bili ya hospitali, zinazoujulisha mfumo kuwa jinsia haikuandikwa kimakosa. Medicare, bima ya serikali kuu hasa kwa wazee, huzitambua, na bima nyingine uliza.

Kama sababu ni kwamba matibabu si ya lazima, una siku 180 za kukata rufaa ndani ya bima. Ambatisha barua ya daktari inayojibu kigezo kilekile walichokitaja. Barua ya jumla jumla hurudi na jibu lilelile. Kwa matibabu ambayo hayajafanyika wana siku 30 kujibu, kwa dharura saa 72. Wakikataa tena, ndani ya miezi 4 omba mapitio ya nje, yaani ya wakaguzi wasio wa bima hiyo. Uamuzi wake unaibana bima.

Na hospitalini omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Usimtume mtoto akutafsirie.